Huyo Mzee Sikio Lake Liko Wapi?

Nkt! Sogezeni hicho kibao. Kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita, na leo sitalimeza.

Stegi yetu ya Cheptais, hapa Mlima Elgon, mnaijua. Pikipiki za boda upande huu, fundi viatu upande ule, katikati mama wa chai na jiko lake la makaa. Wingu la mlimani likianza kushuka, hata mwenye haraka hupata sababu ya kuketi. Siku hiyo nilikuwa na binti yangu wa Gredi ya Tatu, katoka shule, begi mgongoni, mandazi mkononi. Akapita mzee mmoja anasukuma baiskeli iliyobeba gunia la vitunguu. Akatusalimu, tukamwitikia, tukamkaribisha chai, akasema atapitia akirudi. Hajafika hata kwenye kona, mtoto akauliza kwa ile sauti yao isiyojua kunong'ona: "Baba, huyo mzee sikio lake liko wapi?"

Kijiwe kikazizima. Fundi akaacha nyundo hewani. Vijana wa boda wakainamia simu zao kana kwamba wote wamepigiwa kwa mpigo mmoja. Mtu akasonya, sikujua nani, na msonyo wenyewe haukuwa wa dharau. Ulikuwa ule wa mtu aliyegongwa kwenye kidonda. Mama wa chai ndiye aliyetuokoa, kwa huruma yake: "Panya alilila usiku, mjukuu wangu. Maliza mandazi." Mtoto akacheka. Na sisi tukacheka, kwa nguvu kuliko jambo lenyewe lilivyostahili.

Usiku ule binti yangu hakulala. Alijifunika leso ya mamake gubigubi, viganja viwili juu ya masikio, akisikiliza panya wakikimbizana darini. Saa nane za usiku akaniuliza kama panya hula na pua.

Hapo nikaona tulichokifanya. Tulimficha mtoto vita vilivyokwisha, tukamzulia adui anayelala naye nyumba moja.

Sasa nisikilizeni. Sote tuliokuwa pale twajua sikio lile liliondokaje. Mwaka 1968 nyanda za juu za Chepkitale zilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na kuanzia 1971 wakazi wake wakahamishiwa Chebyuk. Ardhi ile ikagawanywa, ikafutwa, ikagawanywa tena, awamu baada ya awamu, na kila ugavi ukamwacha mmoja nje akitazama moshi ukifuka katika shamba alilolilima jana. Wasoy na Wamosop, watu wa lugha moja wanaooleana, wakaanza kuhesabiana ekari. Ilipofika awamu ya tatu, bunduki zikatoka. Kufikia 2006 kundi lililojiita Sabaot Land Defence Force, chini ya Wycliffe Matakwei, lilikuwa limejifanya serikali ya usiku: linatoza kodi, linahukumu, linakata. Masikio yalikatwa ili aliyebaki hai awe tangazo linalotembea. Kwa kadirio la Human Rights Watch, watu zaidi ya 600 waliuawa. Maelfu wakashuka Chwele, Sirisia na Kitale na walichoweza kubeba kichwani, wengine wakavuka Lwakhakha kuingia Uganda.

Kisha Machi 2008 likaja jeshi, na Operesheni Okoa Maisha. Wanaume na vijana wakakusanywa kijiji kwa kijiji, wakapelekwa kambi ya Kapkota, na yaliyotendeka huko yameandikwa na Human Rights Watch na kitengo cha madaktari na wanasheria, Independent Medico-Legal Unit: kupigwa, kuteswa, wengine kutorudi. Matakwei aliuawa Mei mwaka huo. Julai, Human Rights Watch wakatoa ripoti ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Wanaume Wote Wameenda". Ukitaka kujua milima hii ilionekanaje wakati ule, jina hilo latosha. Mikono ya pande zote mbili ikijumlishwa, waliochukuliwa na hawajaonekana hadi leo ni zaidi ya 300.

Nikae hapo kidogo, maana hapo ndipo hadithi za ukoo zilipo. Mtu aliyekufa ana kaburi na ana cheti. Aliyechukuliwa hana hiki wala kile. Mkewe si mjane na si mke. Shamba liko kwa jina la mume, mume hayupo, benki, chifu na ofisi ya ardhi wote wanaulizia karatasi. Sheria ya Kenya inasema mtu asiposikika kwa miaka 7 na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake, huhesabiwa amekufa. Kwa waliochukuliwa 2008, miaka hiyo ilitimia 2015. Lakini fikirieni mama anayesimama mbele ya hakimu kusema kwa kinywa chake kwamba baba watoto amekufa, ilhali kila usiku kwa miaka yote hiyo amekuwa akimwekea ugali kwenye hotpoti. Watoto wake wamemwona akiuweka. Wamemwona asubuhi akiutoa, akiwapa kuku. Hawakuuliza, na hawakuambiwa. Mtu akiandika habari za nyumba hiyo moja tu, za hotpoti hiyo, ataandika riwaya nene ya ukoo wakati wa vita kuliko zote tulizowahi kufundishwa darasani. Nayo haijaandikwa.

Wala msiniambie wazee wetu hawana mazoea ya kusimulia. Nkt! Wazee wa kijiwe hiki? Waulize habari za Chepkube, kahawa ya magendo ya 1976 na 1977, magunia yakivuka kutoka Uganda usiku, watu wakilala maskini na kuamka na magari. Watakupa mpaka rangi ya gari. Waulize Malakisi, tarehe 10 Februari 1948, polisi walipowafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde na watu 11 wakafa. Utaonyeshwa upande ambao umati ulisimama. Waulize za babu zao waliokwenda Burma na King's African Rifles. Chai itapoa, na hadithi itakuwa bado haijavuka bahari. Lakini taja 2007 na utasikia: "Mvua inakuja. Ngoja nikaanue mahindi."

Najua sababu, na siidharau. Masinde alipambana na mkoloni, mkoloni akaenda zake. Huku kwetu aliyekata na aliyekatwa wanateka maji kwenye mto mmoja. Wanaimba kwaya moja. Watoto wao wamekalia dawati moja, huenda wanagawana kifutio. Fundi viatu aliniambia siku ile ile, macho yakiwa kwenye soli: "Ukiandika, utaandika majina ya nani?" Ni swali la haki, nami nitalirudia.

Kwanza niwaambie nilikopita. Asubuhi ile baada ya panya, nikajisemea lazima kuna kitabu. Si kwamba nilitaka cha vita. Nilitaka kitabu cha picha, cha mtoto kucheka, kitakachomtoa panya kichwani. Nikapanda matatu hadi Chwele. Siku nyingine Bungoma. Nilipokwenda Kitale kwa shughuli zangu, nikaingia kila duka la vitabu nililoliona. Nikawa nauliza hivi: "Mna kitabu cha picha cha Kiswahili, cha kuchekesha, chenye mtoto wa milimani au mnyama wa huku kwetu?" Mnajua nilijibiwa nini? "Cha gredi gani?" Nikasema cha kucheka tu. "Silabasi gani?" Dada mmoja, mwenye heshima zake kabisa, alinihurumia: "Mzee, hicho hakitahiniwi." Rafu zote, kutoka sakafuni mpaka karibu na dari, ni maswali na majibu, majaribio ya muhula, marudio ya mtihani. Mtoto wa miaka minane anauziwa maswali mia tano, na hakuna wa kumwuzia hadithi moja!

Mwishowe nikapata kimoja. Dubu, theluji, kofia ya sufu. Bei yake ni ya kuku jogoo. Na msisahau kwamba tangu 2013 Serikali ilipoweka VAT ya asilimia 16 juu ya vitabu, kila anayemnunulia mtoto hadithi anachangia hazina kwanza kabla mtoto hajafungua ukurasa. Binti yangu alimpenda dubu, nami sina kinyongo na dubu. Lakini aliuliza kama kule juu kileleni, ambako asubuhi nyingine kunakuwa na barafu, naye dubu yuko. Anatafuta mlima wake ndani ya kitabu. Hayumo, na mlima haumo.

Nilipoleta malalamiko haya kijiweni, kijana mmoja wa boda akanipinga. Alifanya KCSE 2019. "Sisi tulisoma, mzee. Tulisoma Chozi la Heri." Kweli, riwaya ya Assumpta Matei ilitahiniwa kuanzia 2018 hadi 2022, na shule za huku ziliisoma kama shule zote za Kenya. Ni riwaya ya ukoo wakati wa ghasia: Ridhaa anarudi na kukuta nyumba yake ni majivu na watu wake ndani, Umu, Dick na Mwaliko, ndugu wa tumbo moja, wanatawanywa na kuja kukutana baadaye. Nikamwuliza kijana: ilikuwaje kuisoma wewe, mtoto wa huku? Akacheza na funguo za pikipiki. "Niliandika hoja kumi kuhusu nyumba ya Ridhaa," akasema. "Nyumba yetu nayo ilichomwa. Mimi hakuna aliyeniuliza hata hoja moja."

Jamani. Wakati huo alikuwa darasani na wenzake arobaini na kitu, na wangapi kati yao walikuwa na majivu yao? Mwalimu simlaumu, naye ana mtihani unaomkimbiza. Lakini kitabu kilichopaswa kuwafungua vinywa kiligeuzwa maudhui, dhamira na tamathali, kikafungwa pamoja na karatasi ya jibu.

Na mtu wa kuonyesha njia tulikuwa naye, tena wa kwetu. Marehemu Ken Walibora alizaliwa hapa Bungoma, akakulia upande wa Cherang'any, Trans Nzoia. Katika Siku Njema ya 1996 alimtoa Kongowea Mswahili Tanga akamfikisha Kitale, na mimi nakumbuka raha ya kuona jina la Kitale katika kitabu cha Kiswahili, kana kwamba mtu ameniita kwa jina sokoni. Mwaka 2003 akatoa Kufa Kuzikana, urafiki wa vijana wawili wa makabila yanayochinjana. Na mkono ule ule ukawaandikia watoto pia, Ndoto ya Amerika ikiwa mojawapo. Hakuona aibu kushuka kutoka riwaya nzito hadi kitabu cha mtoto, kwa sababu hakukuona ni kushuka. Alifariki Nairobi Aprili 2020. Kazi imebaki hapa, juu ya kibao hiki tulichokalia.

Ngũgĩ wa Thiong'o naye, mwaka 1982, alipotaka kuwaeleza watoto habari za wakati wa Mau Mau, hakuanza na hotuba. Alimpandisha Njamba Nene kwenye basi lenye mabawa. Basi linaruka! Mtoto akishaparamia basi hilo, unaweza kumpeleka msituni kwenye mambo mazito na atakufuata.

Basi mwalimu wetu mstaafu, yule wa chai ya strungi isiyo na sukari, akaweka kikombe chini. Akatusimulia habari za mwanamke aitwaye Judith Kerr. Mwaka 1933 alikuwa msichana wa miaka tisa mjini Berlin. Babake alikuwa mhakiki wa tamthilia, Myahudi, adui wa Hitler. Vitabu vyake vilichomwa moto. Familia ikakimbia: Uswisi, Ufaransa, hatimaye Uingereza mwaka 1936. Mtoto aliruhusiwa kubeba mwanasesere mmoja tu, akamwacha sungura wake wa rangi ya waridi, na maisha yake yote hakumsahau. Sasa, mwanamke huyo alipokuja kuwa mama, mnadhani alimwandikia binti yake nini kwanza? Chui milia. Chui milia anabisha hodi saa ya chai, anaingia, anakula vyote vilivyopo mezani, anakunywa mpaka maji ya bomba yanaisha, anaaga vizuri, anaenda zake. Kitabu hicho ni cha 1968. Cha vita, cha sungura aliyeachwa, kilikuja 1971.

Kuna waliosema kwamba chui yule lazima ni polisi wa Hitler, wale waliobisha milango usiku. Kerr akakataa. Alisema ni chui milia tu. Alipofika hapo mwalimu akanyanyua kidole, nasi tukabishana karibu tumwage chai. Kijana wa boda anasema haiwezekani, mtu aliyekimbia nyumbani kwake hawezi kuandika mgeni anayemaliza chakula bila kuwa na maana. Mama wa chai, ambaye hajawahi kukiona kitabu chenyewe, akatukata kauli: "Mama amesema ni chui. Mwacheni mtoto awe na chui wake."

Mimi niko na mama wa chai. Mtoto wa mahali palipomwagika damu ana haki ya mnyama ambaye si mfano wa kitu kingine chochote. Acheke kwanza. Akishajua kwamba kitabu ni mahali pa kuchekea, siku ya kulia atakuja mwenyewe kwenye kitabu.

Na mwalimu alikuwa na la ziada. Kerr aliandika kile cha vita kwa sababu mwanawe mdogo alitazama filamu moja maarufu ya muziki, ya familia inayowakimbia wafuasi wa Hitler ikiimba milimani, akadhani sasa ameelewa utoto wa mama ulivyokuwa. Mama akaona la, hapana. Akakaa chini akaandika. Nilisonya mwenyewe niliposikia hilo, maana nilimwona panya wetu pale pale. Usipomsimulia mtoto wako, filamu itamsimulia. Au mama wa chai, au panya.

Hayo ya kigeni tuyaache. Hapa mlimani, je, hatuna wa kwetu wa kubisha hodi? Upande wa Trans Nzoia, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, kuna pango la Kitum. Usiku ndovu huingia humo. Huingia katika giza totoro, wakipapasa mwamba kwa mkonga, zaidi ya mita 100 ndani, wakitafuta chumvi. Hukwangua ukuta kwa pembe, hutafuna mwamba, na alama za pembe ziko pale ukutani kwa mwenye macho. Duniani ndovu wachimba chumvi mapangoni ni nadra mno, nao ni majirani zetu. Kitabu cha picha kinachotoka hapo hakihitaji hata kutungwa: ndovu mdogo anayeogopa giza, mamake yuko mbele, mkia anaushika, mkia unamponyoka, anashika kitu kingine akidhani ni mkia. Kumbe ameshika nini? Mtoto wako atakwambia. Wangu alisema ni popo mwenye usingizi, na kila nikisimulia lazima popo apige chafya.

Na mapango hayo hayo ya Elgon yalikuwa nyumba za watu. Joseph Thomson alipopita huku mwaka 1883 alikuta familia zinaishi ndani, na ng'ombe wao, na maghala yao. Wahenga wetu waliingia humo kuwakwepa maadui. Miaka ile yetu, 2006 hadi 2008, mapango na msitu vikaficha watu tena: waliokimbia, na waliokimbiwa. Kwa hiyo mnaona. Ndovu wa kuchekesha na nyanya aliyemziba mtoto mdomo gizani asilie wamepita kwenye mlango mmoja wa jiwe. Mimi sioni kwa nini wasikae katika rafu moja. Ndovu mbele, nyanya nyuma yake kidogo, mtoto akikua atamfikia.

Hilo ndilo jibu langu kwa fundi viatu na swali lake la majina. Kitabu cha mtoto hakihitaji jina la aliyekata. Kinahitaji kusema kwamba kulikuwa na usiku, watu waliogopa, mtu alimshika mtoto mkono, kukakucha. Majina yana mahali pake, mahakamani na katika tume, na siku ya hilo nitasimama huko pia. Kwa mtoto, anza na mkono ulioshikwa.

Mtu mwingine hapa akasema watoto wanahitaji basari, si ndovu. Nkt! Kwani nimekataa basari? Mtoto hulipiwa karo na husimuliwa hadithi. Hakuna siku mama alimwambia mwanawe achague kati ya uji na wimbo.

Tena hatuanzi bila kitu. Shirika la Saide la Afrika Kusini lilianzisha African Storybook: vitabu vya picha vya bure, vingi vikiwa kwa Kiswahili, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuvitafsiri kwa lugha yake, kuvichapisha, hata kutunga chake na kukiweka humo. Simu hizi mnazotazamia mpira zinatosha kuvifungua. Mwalimu atatia Kisabaot, kukhu, yaani nyanya, wa pale sokoni atatia Kibukusu, maana Wanakhamuna sungura hajaacha ujanja wake kwa sababu ya mpaka wa kata. Na usafiri tunao. Garissa, ngamia wa huduma ya maktaba ya taifa walianza kubeba vitabu jangwani mwaka 1996. Pikipiki ishirini zimeegeshwa hapa zikingoja abiria.

Nimalizie habari za yule mzee wa vitunguu, maana alirudi kweli kunywa chai, siku tatu baadaye. Nilimwomba radhi kwa ajili ya mtoto. Akanitazama. Akasema, "Miaka yote hii watu wakija kuketi nami hukaa upande huu wenye sikio, wakidhani upande ule sisikii. Tundu lipo. Nasikia." Kisha akasema mtoto wangu ndiye wa kwanza kumwuliza, na kama ana swali aletwe.

Nikamleta Jumamosi. Mzee alimketisha upande ule ambao watu hawakai. Akamwambia: "Lilikatwa na watu, wakati wa ugomvi wa mashamba. Liliuma sana. Likapona." Binti akauliza kama alilia. Akasema alilia. Akauliza kama anaweza kugusa. Mzee akainama.

Usiku ule binti alilala mpaka asubuhi, mikono nje ya leso. Kesho yake alimchora ndovu anaingia pangoni na popo juu ya kichwa, na ndovu yule ana sikio moja. Hakuna aliyemwambia achore hivyo.

Mchoro ninao hapa mfukoni, tazameni, msiutie chai. Huo ni ukurasa wa kwanza. Mwenye kujua kuchora, mwenye penseli za rangi, mwenye nyanya anayekumbuka, mwenye Kisabaot kizuri au Kibukusu kizuri, aje Jumamosi stegini Cheptais, saa nne asubuhi. Daftari nimenunua.